Je, wajua homoni ya kubandika hailifikii ini kama ya kumeza?

Mama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, hedhi imekoma, na usiku joto linampanda hadi shuka linalowa. Atumie tiba ya homoni au asitumie? Jibu utakalolisikia Mtwara mjini, saluni hadi kwenye vikoba, ni fupi: homoni ni homoni, umeze ubandike, zote zinaleta mawe.

Nusu yake ni kweli. Kwenye jaribio kubwa la Marekani, Women's Health Initiative, waliomeza estrojeni, homoni ya kike ya kwenye tiba hii (iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, naam, mkojo) walipata maradhi ya nyongo zaidi ya mara moja na nusu ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Hayo yalichapishwa 2005. Kinachopotosha ni hiyo "umeze ubandike".

Dawa ukiimeza, damu ya utumbo huipeleka kwanza kwenye ini. Estrojeni inafika pale ikiwa nyingi, na ini ndilo linalotengeneza nyongo. Linamwaga lehemu (kolesteroli) kupita kiasi ambacho nyongo inaweza kukiyeyusha. Tazama mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi: maji ya bahari hukaa maji tu, jua likizidi kuyapunguza yanazidiwa na chumvi, punje zinaanza kujijenga zenyewe, na ya kwanza huvuta nyingine. Mfuko wa nyongo ndio bwawa, lehemu ndiyo chumvi. Na jua? Lipo: ukuta wa mfuko wenyewe hunyonya maji ya nyongo.

Kiraka au jeli hupitisha estrojeni ngozini hadi kwenye damu, ini likapata mgawo wake kama viungo vingine. Utafiti wa Uingereza wa wanawake milioni moja, 2008, ulikadiria kuwa kwa kila 140 watakaotumia ya ngozini badala ya kumeza kwa miaka mitano, mmoja ataepuka kutolewa mfuko wa nyongo. Ila wale walifuatiliwa tu, hawakupangiwa dawa kwa kura, kwa hiyo huenda wa viraka walitofautiana na wenzao tangu mwanzo. Wala kiraka hakifuti hatari yote.

Aliyekwisha kutolewa mfuko hana tena bwawa, ingawa mara chache jiwe hujijenga kwenye mrija wa nyongo. Mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, homa au macho ya manjano aanzie hospitali, Ligula au Ndanda, apimwe ultrasaundi. Habari ya homoni itafuata.