"If" na nyakati za vitenzi: tunayoyaamini na yalivyo

Anayejifunza Kiingereza akifika kwenye sentensi za masharti hukabidhiwa jedwali la aina nne: ya sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jedwali hilo humsaidia kujibu mtihani. Shida huanza linapochukuliwa kuwa ndiyo lugha yenyewe, maana dhana nyingi potofu huchipukia hapo.

"Umbo la wakati uliopita hutaja jambo lililopita."

Hii ndiyo iliyozaa nyingine nyingi. Tazama: "If you came tomorrow, you would find him." Kitenzi "came" kina umbo la wakati uliopita, ilhali kesho haijafika. Kiingereza hulitumia umbo hilo kuonyesha umbali, na umbali huo si lazima uwe wa siku au miaka. Unaweza kuwa umbali wa jambo na uhalisia.

"If I have time, I will help you" ni kauli ya mtu anayeona kuwa huenda nafasi ikapatikana. "If I had time, I would help you" ni ya mtu asiye na nafasi, au asiyeitarajia. Zote mbili zinahusu leo au siku zijazo. Jambo likiwa limepita kwelikweli na haliwezi kurekebishwa, umbo hurudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had had time, I would have helped you." Hizo "had" mbili zinazofuatana si kosa la uchapaji. Ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ni kitenzi kikuu. Kwa maoni yangu, aliyezielewa hatua hizi tatu anaweza kulisahau jedwali asipungukiwe na kitu.

"Would huwekwa pande zote mbili."

Hakuna mwalimu anayefundisha hivi, ila wengi wetu huandika hivi, na chanzo ni Kiswahili chetu. Tunasema "ningejua ningekuja": -nge- huku, -nge- kule. Tena tumezoea kusahihishwa tukichanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja. Kiingereza hakina ulinganifu huo. Upande wa sharti huchukua umbo la wakati uliopita, na "would" hubaki upande wa matokeo: "If I knew, I would come."

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Katika mazungumzo ya kila siku, "ningejua ningekuja" yaweza kuwa ya sasa au ya jana, na msikilizaji huelewa kutokana na muktadha. Kwa Kiingereza huna budi kuamua: ni "If I knew, I would come", au ni "If I had known, I would have come"?

Masikio nayo hudanganya. Katika "If I'd known, I'd have come", kile kifupisho cha kwanza ni "had" na cha pili ni "would", ingawa hutamkwa sawasawa. Na ndiyo, utawasikia Wamarekani wengi wakisema "If I would have known" wanapozungumza. Katika maandishi rasmi, hilo huhesabiwa kosa.

"If haifuatwi kamwe na will."

Kwa anayeanza ni kanuni nzuri: sema "If it rains, we will stay inside", wala si "If it will rain". Lakini kinachokatazwa ni "will" ya kutaja wakati ujao tu. Ile ya utayari inakubalika: "If you will wait here, I will call the doctor", yaani ukiwa radhi kusubiri. Ipo pia ya ukaidi, nayo hutamkwa kwa mkazo na kubeba lawama: "If you will stay up all night, of course you will be tired." Kisha kuna "I don't know if she will come", ambapo "if" haileti sharti lolote, inaleta swali lisilo la moja kwa moja.

"If na when ni mamoja."

"Ukifika, nipigie simu." Hiyo -ki- haijisumbui kueleza kama kufika ni hakika. Kiingereza hukulazimisha uchague. Ukimwandikia mgeni unayemngoja "If you arrive", umemwonyesha kwamba una shaka kama atafika. Kwa vyovyote, kitenzi kinachofuata hubaki katika wakati uliopo: "When you arrive, call me", si "When you will arrive".

"If I was ni kosa siku zote."

Kwa mambo ya kufikirika, "were" ndiyo inayopendekezwa katika uandishi rasmi, na "If I were you" imezoeleka mno. Lakini "If I was rude yesterday, I apologise" ni sahihi kabisa. Msemaji hafikirii jambo lisilokuwepo. Anazungumzia jana halisi, na huenda kweli alikosa adabu. Kuweka "were" hapo ndiko kungekuwa kosa.

"Aina hazichanganywi."

Huchanganywa kila siku. "If I had studied medicine, I would be a doctor now": sharti ni la zamani, matokeo ni ya leo. Au kinyume chake: "If he were careful, he would not have lost the keys", kwa sababu uzembe wake ni tabia ya kudumu na funguo zilipotea mara moja. Kila upande hufuata wakati wake wenyewe.