Umeme na uchumi: nani anamvuta mwenzie?

Februari 2024 hapa Tanzania tulikuwa bado kwenye mgao wa umeme. Fundi anayechomelea mageti hapa mtaani kwetu anafika asubuhi, anapanga vyuma vyake, anafunga jiwe kwenye grinda afu anakaa juu ya kopo la rangi anasubiri. Umeme ukirudi saa tatu usiku ndo kazi inaanza na majirani wanaanza kulalamika makelele. Mwezi mmoja tu mbele, Machi, tukasikia vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kisa umeme umezidi, maana mvua zimenyesha na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umeshawashwa. Watu walicheka sana mtandaoni, mi nikajiuliza, sa si tutajirike basi?

Ndo hapo inapoingia hii dhana ya uhusiano wa nishati na ukuaji wa uchumi. Ukiivua ule usomi inabaki swali moja: nchi ikitumia nishati zaidi, yaani umeme, mafuta, gesi, hata mkaa, ndo inakuwa na hela, au ikishapata hela ndo inatumia nishati zaidi?

Wachumi wanabishana hili tangu 1978, pale John Kraft na Arthur Kraft walipochukua takwimu za Marekani za 1947 mpaka 1974 wakaona kipato ndo kinavuta nishati, sio nishati kuvuta kipato. Baada yao kila mtu akapima nchi yake, na njia inayopendwa ni ile ya Clive Granger ya 1969, inaitwa "Granger causality", yaani usababishi wa Granger, ambayo wala haipimi sababu hasa kama jina lake linavyotangaza, inapima kama habari za jana za kitu kimoja zinakusaidia kubashiri kesho ya kitu kingine. Wingu jeusi linakuja kabla ya mvua, sawa, lakini mwanafunzi naye anaanua nguo kabla ya mvua, na hakuna anayesema kuanua nguo kunaleta mvua.

Majibu yaliyopatikana ni ya aina nne. Kuna nchi nishati ndo inavuta, hapo mgao ukikaza na uchumi unapigwa. Kuna ambazo uchumi ndo unavuta, kwa hiyo unaweza kubana matumizi bila kuumia sana. Kuna za kuvutana pande zote mbili, na kuna ambazo hakuna anayemgusa mwenzie. Kinachochekesha ni kwamba nchi hiyo hiyo moja mtafiti huyu anapata jibu hili na yule anapata lile, inategemea kachukua miaka ipi na kapima umeme peke yake au nishati yote.

Na hilo la nishati yote kwa nchi kama Tanzania sio dogo, maana nishati yetu nyingi haitoki kwenye nguzo, inatoka porini, kuni na mkaa. Mafiga matatu yanapoteza sehemu kubwa ya moto hewani, jiko la gesi halipotezi kiasi hicho. Kwa hiyo familia ikiacha kuni ikahamia gesi, kwenye hesabu nishati waliyotumia inaweza kushuka wakati maisha yao yamepanda. Mtu akiangalia grafu tu atasema hawa wamefulia.

Mimi naona kwetu umeme ni kama barabara, usipokuwepo unaumia kweli ila ukiwepo haukuletei abiria. Kuumia kwenyewe kunapimika. Kijenereta kidogo kwa lita moja ya petroli kinakupa yuniti moja na nusu, labda mbili ukibahatika, na kipindi kile petroli ilikuwa inacheza kwenye shilingi 3,000 kwa lita, kwa hiyo yuniti moja inakutoka 1,500 na zaidi wakati ya LUKU, yaani umeme wa gridi unaolipia kabla, kwa bei ya kawaida ni kama 356. Hakuna geti linalolipa hiyo gharama, bora ukae kwenye kopo.

Sa hivi Bwawa la Nyerere lina mitambo yote 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na gridi nzima inaweza kuzalisha karibu mara mbili ya tunachotumia muda ule wa matumizi makubwa kabisa. Treni ya SGR ya Dar mpaka Dodoma inatembelea umeme tangu 2024, hayo ndo matumizi yanayosogeza kitu. Lakini juzi nimempitia fundi, grinda imechomekwa, umeme upo, na yeye kakaa kwenye kopo lile lile. Ananiambia oda ndo hamna, watu hawajengi. Hapo uchumi ndo unatakiwa uvute na haujavuta.

Afu kuna hili la bei ambalo wengi hawalihusishi na hii mada. Mtumiaji mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi analipa kama 122 kwa yuniti. Akiwa anazidi, anahamishiwa kwenye kundi la 356. Maana yake yuniti 75 ni kama 9,150 ila yuniti 110 unavuka 39,000. Nia ilikuwa kumsaidia mnyonge na kweli inamsaidia, tatizo ni pale mnyonge anapotaka kuanza kuzalisha. Jirani yangu anauza barafu na juisi, friza yake moja na taa za ndani alikuwa hafiki 75. Biashara ikachangamka akanunua friza ya pili, miezi michache akahamishwa kundi, akakaa akapiga hesabu na daftari lake akaona faida yote ya friza ya pili inaishia kwenye LUKU. Ya pili kaichomoa, sa hivi anahifadhia unga.