Jumba la Sanaa Lisilolenga Faida Humfanyia Msanii Nini?

Mgeni anayeingia katika jumba la sanaa hukuta kuta nyeupe, michoro iliyotundikwa kwa nafasi na vibao vidogo vyenye majina, na si rahisi kwake kutambua kama ameingia dukani au katika asasi ya umma. Tofauti iko katika hesabu. Jumba la kibiashara huishi kwa sehemu ya mauzo, ambayo mara nyingi hufikia nusu ya bei ya kazi, na kwa sababu hiyo mwenye jumba hana budi kuwapa kipaumbele wasanii ambao wanunuzi wanawafahamu au wanaelekea kuwapenda. Jumba lisilolenga faida huendeshwa kwa ruzuku, michango na udhamini, na ziada ikipatikana hurudishwa katika shughuli zake. Kwa kuwa kodi ya pango haisubiri mchoro uuzwe, jumba hilo linaweza kumpa ukuta msanii ambaye hakuna anayemuulizia sokoni.

Wasanii wa namna hiyo ni wa makundi mawili. Yupo chipukizi, ambaye bado hajajulikana. Na yupo aliyesahauliwa, ambaye amechora au kuchonga kwa miongo mitatu au minne bila kazi zake kukusanywa, kuandikwa wala kutazamwa kwa pamoja. Tunapozungumzia kusaidia sanaa, wengi wetu humfikiria wa kwanza. Kwa maoni yangu, katika Afrika Mashariki deni kubwa zaidi tunadaiwa na huyu wa pili.

Taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi inayofahamika kwa kifupi kama NCAI ilianzishwa mwaka 2020 na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa jiji hilo. Mtu angetarajia ukumbi mpya ujinadi kwa vijana, lakini ukumbi huo ulianza mwaka 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1954 ambaye aliacha ualimu ili aishi kwa brashi, na aliyekuwa na jina miongoni mwa wachoraji wenzake kwa miaka mingi. Baadaye ukafika wakati wa Chelenge van Rampelberg, mwanamke aliyejifunza sanaa mwenyewe na anayejulikana hasa kwa vinyago vyake vya mbao. Maonyesho ya aina hii, yanayopitia kazi za msanii mmoja tangu alipoanza, ndiyo magumu na ya gharama kuliko yote. Ni lazima wenye kazi watafutwe mmoja baada ya mwingine, mikataba ya kuazima iandikwe, bima ilipwe, turubai lenye ukungu lisafishwe, kila kazi ipigwe picha, na msanii aulizwe mwaka, mahali na sababu kabla kumbukumbu zake hazijafifia. Jumba linalotegemea mauzo haliwezi kuifanya kazi hiyo kwa urahisi, maana sehemu kubwa ya kinachotundikwa kina mwenyewe tayari na hakiuzwi. Lakini hapo ndipo mtazamaji anapoona, kwa mara ya kwanza, mkono wa msanii ulivyobadilika, ni rangi zipi alizoziacha, na ni jambo gani alilolirudia maisha yake yote.

Katalogi, yaani kitabu cha picha na maelezo ya kazi, inayotokana na maonyesho hayo ina thamani sawa na maonyesho yenyewe. Kituo cha Paa ya Paa kilianzishwa Nairobi mwaka 1965 na kundi la wasanii na waandishi akiwemo Elimo Njau, mchoraji mwenye asili ya Kilimanjaro, na mwaka 1997 kiliungua moto ulioteketeza kazi nyingi. Mchoro ulioungua hautarudi, ila ule uliochapishwa katika kitabu kilichokwishafika maktaba kadhaa bado unaweza kusomwa na kufundishwa.

Kwa chipukizi, msaada ni wa namna nyingine. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, ina studio zilizotengenezwa kwa makontena, na wasanii hufanya kazi humo karibu na ukumbi wa maonyesho. Mwenye maonyesho ya kwanza hujifunza kuacha nyumbani nusu ya kazi zake, jambo linalouma, na hujifunza kupanga bei. Bei ya kwanza ikiwa juu mno, kuishusha baadaye huwaudhi wale waliotangulia kununua, na kwa hiyo ushauri wa mtu asiye na sehemu kubwa katika mauzo hayo una uzito wake.

Suala la nani achague nalo lina historia. Artists Space, ukumbi wa maonyesho wa New York ulioanzishwa mwaka 1972, ulianza kwa utaratibu wa wasanii kuwachagua wasanii wenzao ambao hawakuwa na jumba la kuwawakilisha. Katika jiji hilohilo, mwaka 1974, Linda Goode Bryant alifungua ukumbi wa Just Above Midtown ili kuwaonyesha wasanii weusi, akiwemo David Hammons, katika mtaa uliojaa majumba yaliyokuwa yakiwapuuza. Mwaka 2022 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya jiji hilo, MoMA, yaliandaa maonyesho kuhusu ukumbi huo, miaka 48 baada ya kufunguliwa.

Hata hivyo, kutotafuta faida hakumaanishi kutenda haki. Mfadhili ana mada anazozipenda, na si mara moja tumeona msanii akipinda kazi yake ili ilingane na tangazo la ruzuku. Zipo pia asasi zinazompa msanii ukuta na kumwachia gharama za fremu na usafiri, kwa maelezo kwamba anatangazwa. Asasi makini huweka ada ya msanii ndani ya bajeti tangu mwanzo, kama inavyoweka mshahara wa mlinzi.

Kwa hiyo msanii anayealikwa na adai mkataba wa maandishi kabla ya kupeleka hata mchoro mmoja. Mkataba utaje muda wa maonyesho, ada, mgawanyo wa fedha iwapo kazi itauzwa, nani anabeba hasara ikiharibika, na nani anamiliki haki ya kuchapisha picha zake. Kipengele kinachosahaulika mara nyingi ni nani atalipia gari la kurudisha kazi ambazo hazikununuliwa, na jumba litazihifadhi kwa muda gani kabla ya hapo.