Meneja asiye na wa kumwamrisha

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni meneja wa bidhaa, huniuliza moja kati ya maswali mawili: unauza nini, au una watu wangapi chini yako? Siuzi kitu, na chini yangu hakuna mtu. Wahandisi wana mkuu wao, wasanifu wana wao, watu wa mauzo na masoko vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja ambaye likizo yake inasainiwa na mimi. Ila bidhaa ikidoda, wote wananigeukia mimi, na wana haki.

Kwa hiyo neno "meneja" ndilo linalowapoteza watu. Kazi yenyewe ni kuamua tatizo lipi la mtumiaji linastahili kutatuliwa sasa, kuhakikisha timu nzima inalielewa tatizo hilo kama ninavyolielewa, kisha kulifuatilia mpaka ijulikane kama limetatuka au bado. Hayo matatu yanaonekana mepesi. La kwanza peke yake linakula nusu ya wiki yangu.

Mimi ni mtu wa programu za kompyuta, lakini kazi hii ilianzia kwenye sabuni. Tarehe 13 Mei 1931, Neil McElroy, kijana aliyekuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay pale kampuni ya Procter & Gamble, aliwaandikia wakubwa zake waraka wa ndani wa kurasa tatu. Camay ilikuwa inapambana na sabuni za kampuni nyingine, na wakati huohuo inafunikwa na Ivory, sabuni ya nyumba hiyohiyo. McElroy akapendekeza kila chapa ipewe watu wake. Waangalie inauzika wapi na inadorora wapi, watafute sababu, watoke ofisini wakazungumze na wauzaji na wanunuzi, waandae mpango wa kurekebisha, halafu wafuatilie kama mpango umezaa matunda. Toa sabuni hapo, weka programu ya simu, utapata ratiba yangu ya wiki hii. (Mwenyewe alifika mbali: mwaka 1957 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Mimi sina mipango hiyo.)

Kabla sijaendelea, nimtofautishe meneja wa bidhaa na meneja wa mradi, maana hata matangazo ya kazi huwachanganya. Meneja wa mradi anabeba tarehe, bajeti na nani anafanya nini lini. Mradi una mwisho. Ukikabidhiwa, kafunga faili. Bidhaa haikabidhiwi. Inaishi, inazeeka, inapata washindani, na mwenye kuilea yupo nayo siku zote hizo. Kwenye kampuni ndogo mtu mmoja huvaa kofia zote mbili, na kinachoumia karibu kila mara ni bidhaa, kwa sababu tarehe hupiga kelele na mtumiaji aliyekata tamaa huondoka kimyakimya.

Wanaofuata Scrum, utaratibu wa timu kujenga bidhaa kwa awamu fupifupi, wana jina lao la kazi yangu, mmiliki wa bidhaa, na mwongozo wao uko wazi kwamba huyo ni mtu mmoja, si kamati. Nimewahi kufanya kazi chini ya kamati. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Chetu hata mrama hakikwenda, kilibaki bandarini miezi mitano tukijadili rangi ya tanga.

Sasa nirudi kwenye lile la kwanza, kulijua tatizo. Mteja mmoja aliyekuwa akitumia mfumo wetu wa mahesabu alituandikia mara tatu akiomba kitufe cha kuchapisha ripoti ya malipo. Wahandisi walisema ni kazi ya siku mbili. Watu wa mauzo walikuwa wameshamwahidi. Nikaomba kwanza nikakae na mhasibu wao asubuhi moja, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilimkuta ameshajitengenezea njia yake. Alikuwa anapiga picha skrini, anazibandika kwenye hati, anachapisha. Karatasi kumi na moja. Akazipanga upande wa kushoto wa meza. Kulia akaweka taarifa ya benki. Akatoa rula ya plastiki, akailaza chini ya mstari wa kwanza, akateremsha kidole kwenye taarifa ya benki mpaka akakuta kiasi kinacholingana, akatia alama ya vema kwa kalamu nyekundu pande zote mbili. Mstari wa pili. Wa tatu. Wa nne haukuwa na mwenzake. Akauzungushia duara, akaguna, akaendelea.

"Dada, hivyo vyenye duara unavifanyaje?"

"Hivyo ndiyo kazi yenyewe, kaka. Vingine vyote navipita tu."

Nilikaa naye saa mbili. Katika muda wote huo, kuchapisha hakukuwa tatizo lake hata dakika moja. Tatizo lilikuwa kuwinda malipo machache yasiyolingana katikati ya mamia yanayolingana, na karatasi zilikuwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Tulichomtengenezea ni mahali pa kupakia taarifa ya benki. Mfumo unalinganisha wenyewe na kumwonyesha vile vya duara tu. Ilichukua wiki sita badala ya siku mbili, na ilinibidi nimfuate mtu wa mauzo nimweleze kwa nini ahadi yake naivunja. Hakufurahi. Kitufe cha kuchapisha hatukukitengeneza, wala hakuna aliyekiulizia tena.

Ndiyo maana simuulizi mtumiaji angependa nini. Namuuliza mara ya mwisho alipofanya jambo hilo ilikuwaje: alianzia wapi, akakwama wapi, akamwomba nani msaada. Mtu ni shahidi mzuri wa jana yake na mtabiri mbovu wa kesho yake. Ukimuuliza "ungetumia hiki?", atasema ndiyo, kwa adabu tu.

Baada ya hapo linakuja la kuchagua. Maombi hayaishi: wateja, wakurugenzi, huduma kwa wateja, mhandisi mwenye wazo zuri aliloliota usiku. Uwezo wa timu una mpaka. Zipo kanuni za kupanga foleni, na ninayoitumia zaidi ni ile iliyotoka Intercom, kampuni ya programu, iitwayo RICE. Unachukua idadi ya watu watakaofikiwa katika kipindi fulani, unazidisha kwa uzito wa athari kwa kila mmoja, unazidisha kwa kiwango chako cha uhakika, halafu unagawanya kwa kazi itakayohitajika. Athari huwekwa kwenye ngazi, 3 ikiwa kubwa mno, 1 ya wastani, 0.25 ndogo kabisa.

Tuseme wazo la kwanza litawagusa watu 2,000 kwa robo mwaka, athari 1, uhakika asilimia 80, kazi ya mtu mmoja kwa miezi 4. Jibu ni 400. Wazo la pili litawagusa watu 300 tu, lakini athari ni 3, uhakika asilimia 50, kazi ya mwezi 1. Jibu ni 450. Dogo limelipiku kubwa, na mkutano mzima unashangaa. Sasa shusha ule uhakika wa wazo la pili kutoka asilimia 50 hadi 40. Jibu linakuwa 360 na mshindi amebadilika. Asilimia kumi, ambazo mtu alizitamka akiwa ameegemea kiti, ndizo zimeamua miezi minne ya watu.

Kwa hiyo jibu la mwisho halinisisimui. Faida ya kanuni ni ule ugomvi unaozuka kwenye namba ya uhakika. Hapo ndipo mtu hulazimika kusema anajuaje, na mara nyingi inagundulika kwamba "wateja wengi wanalalamika" ni mteja mmoja mwenye sauti kubwa.

Kukataa ni sehemu ya mshahara wangu. Nimejifunza kukataa na sababu mkononi, mapema, na kwa mdomo kabla ya maandishi. "Tutaangalia" ni neno la woga; mwenzako analisikia kama ndiyo, anakwenda kumwahidi mteja, na baada ya miezi miwili mnaonana wabaya.

Kuandika ndiko kunakonipa staha mbele ya wahandisi. Hati yangu ina tatizo, nani analo, tutajuaje limetatuka, na mambo gani yako nje ya kazi hii. Namna ya kujenga nawaachia wao. Wanaijua kuliko mimi, na mhandisi aliyepewa tatizo huleta suluhisho ambalo nisingeliwaza. Lakini zile kona za giza naziandika zote. Mtu akibonyeza "lipa" mara mbili itakuwaje? Mtandao ukikatika pesa imeshatoka kwake lakini haijafika kwetu, ataona nini kwenye skrini? Anayetumia simu ya zamani yenye kioo kidogo je? Swali la aina hiyo likiulizwa wiki ya kwanza hugharimu dakika tano. Likiulizwa na mtumiaji aliyekatwa pesa mara mbili, hugharimu usiku mzima wa timu na imani ya mtu ambayo haitarudi.

Kuna mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu hayana siri kubwa: kukaa na wanasheria kuhusu data za watu, kupanga bei pamoja na watu wa fedha, kuwafundisha wa huduma kwa wateja kabla toleo halijatoka. Ukiyasahau yatakukumbusha yenyewe.

Hili la tatu, la kufuatilia, nililijua kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma tulitoa kipengele cha kupanga matumizi ya mwezi ndani ya programu ya fedha. Siku ya kwanza watu walimiminika. Mistari ya grafu ilipanda, nikapiga picha grafu hiyo, nikaituma kwa wakubwa, pongezi zikaja. Wiki ya tano mchambuzi wetu wa data, binti mpole asiyependa maneno, aliniita mezani kwake akanionyesha jedwali moja. Safu za mlalo zilikuwa makundi ya watu kwa wiki waliyoanza kutumia. Nguzo zilikuwa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila safu ilianza na namba nene na kuishia na namba iliyokaribia sifuri. Watu walikuwa wanakuja kuchungulia. Kitone chekundu tulichokiweka kwenye alama ya kipengele kilikuwa kinawavuta, wanabonyeza, wanaona fomu ya maswali kumi na mawili, wanatoka na hawarudi. Nilikuwa nimesherehekea udadisi wa watu nikidhani ni matumizi.

Tangu siku hiyo, kabla kazi haijaanza naandika kipimo kwa sentensi moja, na tarehe ya kukiangalia, na namba ambayo tukiwa chini yake tutakubali tumekosea. Ile namba ya mwisho ndiyo ngumu. Timu huiogopa, wakubwa huikwepa, na mimi mwenyewe mkono huwa mzito kuiandika, kwa maana nikishaiandika sina tena pa kujificha.

Kile kipengele tulikiondoa. Kuondoa nako ni kazi yangu, ingawa sijaona tangazo la ajira linaloitaja. Kila kitu kilichobaki kwenye programu kinapimwa upya kila toleo, kinatafsiriwa, kinaelezwa na huduma kwa wateja, kinampunguzia mtumiaji nafasi ya kuona anachokihitaji. Tulitoa taarifa ya siku sitini, tukaweka njia ya watu kupakua mipango yao, na siku ilipofika nikaomba nikizime mwenyewe. Mhandisi akanisogezea kibodi. Kesho yake iliingia barua pepe moja tu ya malalamiko, ndefu, kutoka kwa mtu aliyekuwa amejaza maswali yote kumi na mawili kila mwezi bila kukosa. Nilimpigia simu mchana huohuo, na tukaongea karibu saa nzima kuhusu jinsi anavyopanga pesa zake.