Ndoa za utotoni: Shinyanga ni ng'ombe, Mara ni kisu, Kusini ni ngoma

Watu wengi wakisikia binti wa miaka 15 kaolewa wanasema tu "mila hizo", wanafunga mjadala. Sisi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii huko vijijini tunaona stori si rahisi hivyo, kila mkoa una hesabu zake.

Kitaifa hapa Tanzania, takwimu za afya ya uzazi za 2015/16 zilionesha kama wanawake 3 kati ya 10 wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya miaka 18. Ila ukiingia mikoani picha inabadilika kabisa, takwimu za nyuma kidogo ziliiweka Shinyanga asilimia 59, Tabora 58, Mara 55, Dodoma 51.

Tuanze na Shinyanga maana ndo penye mambo. Kule mahari ni ng'ombe, na ng'ombe ndo benki ya familia, sasa mwaka mvua imegoma, pamba haina bei, mzee ana kijana wa kiume anataka kuoa na zizi ni tupu, unadhani ng'ombe wa mahari ya kaka watatoka wapi kama sio kwa dada? Ndo maana binti anaposwa akiwa bado darasani, na akiwa mweupe ndo kabisa, ng'ombe wanaongezeka (ndiyo, rangi ya ngozi inapandisha bei, hadi leo). Kuna wazazi wanamwambia mtoto kabisa ajaze majibu ya uongo mtihani wa la saba afeli, asije akafaulu akaharibu dili. Na akifaulu, sekondari iko mbali, anapanga geto peke yake au anategemea lifti ya bodaboda, akipata mimba baba anakimbilia kumwozesha fasta ili asikose vyote.

Mara ni tofauti, kule kwa Wakurya binti akishakeketwa, mara nyingi Desemba shule zikifungwa, anahesabika mtu mzima hata kama ana miaka 13, kwahiyo posa zinafuata. Kusini, Lindi na Mtwara, mtoto anachezwa unyago mapema anafundishwa mambo ya ndoa kabla hajajua hata hesabu za kugawanya, ngoma yenyewe sio lazima iwe mbaya, shida ni umri.

Na sheria? Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akikubali, mvulana mpaka 18. Mahakama Kuu 2016 ikasema huo ni ubaguzi, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 nayo yanampa anayeoa mwanafunzi miaka 30 jela, lakini kesi nyingi zinamalizwa kienyeji, familia mbili zinakaa zinaelewana, shahidi haonekani, na binti mwenyewe ameshafundishwa cha kusema.

Kwa hiyo semina ya haki za mtoto peke yake kwa mzee mwenye zizi tupu haisaidii kitu. Bweni karibu na shule linasaidia, mwalimu anayejua kwanini binti kaacha kuja tangu mavuno yaishe anasaidia zaidi. Ukisikia posa ya mwanafunzi mtaani kwako piga 116, ni bure, na piga kabla ng'ombe hawajapelekwa, maana wakishaingia zizini kuwarudisha ni kazi nyingine kabisa.