Kaseti Haijafa: Dhana Potofu Kuhusu Walkman na Redio Kaseti za Kurekodia

Makabatini mwa watu kuna kaseti za harusi, mawaidha, taarabu na salamu za ndugu waliokuwa ughaibuni. Nyingi zinatupwa kwa sababu mtu alizijaribu kwenye mashine mbovu, akasikia mvumo tu, akakata tamaa. Ni hasara kubwa, maana mara nyingi kasoro iko kwenye mashine na kaseti yenyewe ni nzima.

"Sauti imefifia, basi kaseti imekufa."

Anza kwa kuilaumu hedi, kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma utepe. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na katika kupita huko huacha unga wa kahawia. Unga ukijikusanya kwenye uso wa hedi, utepe haugusi tena vizuri. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba: matoazi, na herufi "s" na "sh" za mwimbaji. Besi inabaki, na mwimbaji anasikika kama amejifunika blanketi.

Chomoa umeme au toa betri, fungua mlango wa kaseti, kisha bonyeza PLAY bila kaseti ndani ili hedi isogee mbele. Chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usugue uso wa hedi na ile pini nyembamba ya chuma inayovuta utepe, ukibadilisha kijiti mpaka kitoke cheupe. Rola ya mpira isafishe kwa maji yenye sabuni kidogo, uikaushe. Subiri dakika 10 kabla ya kuweka kaseti. Mafuta ya taa na petroli usivisogeze hapo, kwani huacha utando na kuharibu mpira. Spiriti yenye rangi au manukato nayo huacha mabaki.

Umesafisha na sauti bado ni nzito? Hapa ndipo kaseti nyingi zinapookoka. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja imekazwa moja kwa moja, nyingine ina springi chini yake, na hiyo ndiyo inayoinamisha hedi. Mwanya wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa, nyuzi 90 na mwendo wa utepe. Ikiwa mashine iliyorekodi iliinama kidogo upande mmoja na unayopigia imeinama upande wa pili, sauti nyembamba hazisomeki, ijapokuwa zimo zote kwenye utepe. Ndiyo maana kaseti ileile inaweza kusikika safi kwa jirani na kwako ikasikika hovyo.

Tia alama ya kalamu kwenye kichwa cha skrubu yenye springi, ili ujue pa kurudia. Piga kaseti, na kama mashine ina swichi ya mono, iwashe. Kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku, zungusha taratibu sana, chini ya robo mzunguko kila upande, huku ukisikiliza zile "s". Simama pale zinapokuwa kali kuliko kwingine kote. Mashine nyingi zina kitundu karibu na mlango kwa ajili ya kazi hii. Ukimaliza kuisikiliza au kuinakili kaseti hiyo, irudishe skrubu kwenye alama, hasa kama bado unarekodia mashine hiyo.

"Redio imekula kanda kwa sababu kanda ni mbovu."

Utepe unaliwa pale pini na rola zinapousukuma mbele wakati gurudumu la upande wa kupokea halina nguvu ya kuukunja. Unajaa katikati, unazunguka rola, unakunjamana. Chanzo cha kawaida ni mkanda wa mpira wa ndani uliolegea au kuyeyuka, au rola yenye utelezi na uchafu. Badilisha mkanda, na chagua mpya mfupi kidogo kuliko ule uliolegea, kwa sababu wa zamani umeshatanuka. Ukishika mkanda uliogeuka kuwa lami nyeusi, ondoa kila chembe kwenye magurudumu kwa alkoholi kabla ya kuvalisha mpya.

Wakati mwingine ni kweli kaseti yenyewe ina kasoro, lakini ni ya gamba, utepe wake ni salama. Angalia ukingo ulio wazi: katikati, nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha kitambaa juu ya kibati cha rangi ya shaba. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi ikikauka kinadondoka, na sauti inaanza kuja na kupotea. Tafuta kaseti isiyo na thamani iliyofungwa kwa skrubu tano, uifungue ikiwa imelala mezani, uhamishie humo magurudumu mawili pamoja na utepe wake. Hakikisha utepe unapita kwenye rola ndogo za pembeni na mbele ya kitambaa, na upande wa kahawia umetazama nje. Usiguse uso wa utepe kwa vidole vitupu.

"Betri zikianikwa juani zinajaa."

Hazijai. Joto huharakisha kemia iliyobaki ndani, betri inapata nguvu ya muda mfupi, kisha inakwisha kabisa. Ubaya zaidi ni kwamba betri iliyochoka na kupashwa joto huvuja. Vibati vya redio vinavyogusa betri vinaota kutu nyeupe au ya kijani na hapo ndipo redio inaposemwa "imekufa". Kama zilizovuja ni za alkali, futa kwa kijiti chenye siki kidogo, kisha kwa alkoholi.

Kuna pia wanaodai kwamba betri za kuchaji hazifai kwa sababu zina volti 1.2 badala ya 1.5. Betri ya alkali hushuka chini ya 1.3 mapema tu katika matumizi, na redio inaendelea kupiga. Za kuchaji zinafaa. Kinachodhuru ni kurekodi kwa betri zilizokaribia kuisha, kwani mota inapungua mwendo, na siku utakapopiga kaseti kwenye mashine nzima, msemaji atakimbia na sauti yake itapanda.

"Kila Walkman inarekodi."

Walkman ya kwanza ya Sony, TPS-L2, iliyotoka Japani Julai 1979, haikurekodi. Ilitokana na kinasa sauti cha waandishi wa habari, Pressman TCM-100, kilichoondolewa sehemu ya kurekodi na kuwekewa stirio. Zilizorekodi zilikuja baadaye, kama WM-D6 ya 1982. Kwa hiyo usinunue kwa jina. Angalia kama kuna kitufe chekundu cha REC na tundu la maikrofoni. Na upya pekee si sifa: vichezeshi vingi vipya vya bei nafuu vinatumia mtambo mmoja rahisi, na mwendo wake huyumba kuliko wa mashine nzuri ya miaka ya 1980 iliyotunzwa.

"Kijino kikivunjwa, kaseti hairekodi tena."

Kijino ni kile kipande kidogo cha plastiki kwenye ukingo wa nyuma wa kaseti. Kikivunjwa, bado inarekodi ukiziba tundu lake kwa selotepu. Kaseti za kromu zina tundu jingine jirani, linaloijulisha mashine aina ya utepe. Hilo liache wazi. Ila kwa kaseti ya thamani fanya kinyume: vunja vijino vyote viwili leo, kabla mtoto hajabonyeza REC.

"C120 ni bora kwa kuwa ni ndefu."

Namba ni dakika za pande zote mbili. Utepe wa C60 una unene wa takriban mikroni 18, wa C90 mikroni 12, na wa C120 mikroni 9 tu. Wa C120 hunyooka na kuliwa kwa urahisi. Kwa hotuba ndefu, bora C90 mbili.

"Ukungu unaisha ukiipiga mara mbili tatu."

Kwa watu wa pwani hili ni hatari ya kweli. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe kupitia kidirisha, usiipige. Ukungu unahamia kwenye hedi, kisha kwenye kaseti zote zinazofuata. Itenge na nyingine, ikauke kwenye boksi lisiloingiza hewa lenye vifuko vya silika, kisha mpe fundi anayejua. Zilizo nzima zihifadhi vivyo hivyo, zikiwa zimesimama, mbali na jua na spika kubwa.

"Kunakili, weka simu mbele ya spika."

Utanasa spika, feni na jogoo. Tumia waya wa stirio wa milimita 3.5 kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti (LINE IN) la kompyuta au kinasa sauti cha mkononi. Tundu la hedifoni la simu halifai: linapokea maikrofoni ya chaneli moja yenye milivolti chache, na sauti ya kaseti itapasuka. Zungusha kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuipiga. Zima Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo, isipokuwa jalada linasema ilitumika. Weka sauti ya mashine katikati, kisha rekebisha kiwango hadi kilele kiwe kati ya −12 na −6 desibeli, kisiguse 0 kamwe.

Hifadhi kwa WAV ya kilohezi 44.1 na biti 16, takriban megabaiti 10.6 kwa dakika, yaani kama 950 kwa C90 nzima. MP3 itengeneze baadaye kutoka kwenye WAV, kwa ajili ya kutuma WhatsApp. Sikiliza faili hadi mwisho kabla ya kuirudisha kaseti kabatini, na usiitupe: ukipata mashine yenye hedi bora, utainakili upya.