Tajiriba ya mtunzi: maisha yanavyoingia ndani ya shairi

Tajiriba ya mtunzi ni yale yote aliyoyaishi na yaliyomfika: alikozaliwa, lugha aliyokua nayo, kazi iliyomlisha, dini, ndoa, misiba, maradhi, siasa za zama zake. Tunaposema tajiriba imeijenga kazi ya fasihi, tunamaanisha kwamba mambo hayo yamempa mtunzi picha za kusemea, maneno ya kuchagua, watu wa kuwahutubia na mambo ya kuyafumba. Hatumaanishi kwamba shairi ni shajara yake. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na ndiyo maana naieleza dhana hii kwa mifano, nikianzia hapa kwetu Kigoma.

Chukua mwezi. Katika mashairi mengi ya mapenzi mwezi ni sura ya mpenzi, ni nuru na uzuri. Sasa shuka mwalo wa Kibirizi ukamuulize mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi kuna za betri na za sola. Mwanga huwakusanya dagaa karibu na chombo, wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imetapakaa ziwa zima na taa haina tena nguvu ya kuwaita, basi vyombo hukaa nchi kavu mpaka giza lirudi. Siku hizo fedha hukatika. Mama anayeanika dagaa anajua, muuza maandazi anajua, na mwenye duka anajua kwa kutazama daftari la madeni. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, akija kuwa mshairi, mwezi wake hauwezi kuwa ule wa mapenzi tu. Nimetunga ubeti huu ili jambo lenyewe lionekane:

Mwezi u juu angani, wenzetu wafurahia,
Wavu u kavu uani, mtumbwi umetulia,
Baba yuko barazani, giza analingojea,
Moto haumo jikoni, na watoto wanalia.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, ni nane kwa nane; kina cha kati, yaani silabi inayorudiwa mwishoni mwa kila kipande, ni "ni", na cha mwisho ni "a". Hayo hayakutoka ziwani; ni urithi wa ushairi wa Kiswahili ambao mtunzi yeyote anaupokea kwa waliomtangulia. Kilichotoka ziwani ni kule kugeuza nuru kuwa njaa na giza kuwa riziki. Ubeti hautaji umaskini hata mara moja, kwa sababu mtu aliyeyaishi maisha hayo hahitaji kuyapa jina. Anaona wavu mkavu na jiko lisilo na moto. Msomaji wa Tabora, ambaye mbalamwezi kwake humwangazia njia, huenda akasimama kidogo kwenye mshororo wa tatu akajiuliza mtu angojee giza kwa nini. Naye ana yake. Mrina asali wa huko hutundika mizinga mitini katika misitu ya miombo, kisha hungoja nyuki waingie wenyewe, na miti ichanue kwa wakati wake. Akiandika juu ya subira, mzinga mtupu utamjia kabla ya mtumbwi. Wawili hawa wanaweza kuwa na dhamira moja na vina vilevile, na mashairi yao yasifanane.

Baba aliyekaa barazani katika ubeti ule nimembuni. Hii ni sehemu ya dhana inayosahauliwa sana. Sauti inayosema ndani ya shairi, ambayo baadhi ya wahakiki huiita nafsineni, si lazima iwe mtunzi mwenyewe. Mtunzi mwanamume anaweza kusema kwa kinywa cha mjane, mzee kwa kinywa cha mtoto. Tajiriba huiwezesha sauti hiyo isikike kuwa ya kweli, lakini haituruhusu kumshika mtunzi shati na kumwambia, "Kumbe ulilala njaa!"

Kigoma ina mfano mkubwa wa kuthibitisha haya, nao ni Saadani Abdu Kandoro, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1926. Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, na kwa sababu hiyo Kiswahili kilikuwa na mizizi pale kabla Reli ya Kati haijafika Kigoma mwaka 1914. Fikiria maana yake kwa kijana mwenye kipaji: yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, na bado anakua katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya msikitini. Vina na mizani havikuwa vitu vya kuazima Mombasa. Kisha likaja jambo la pili katika maisha yake, siasa. Kandoro aliingia TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, chama kilichokirithi na kudai uhuru, waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Diwani zake, "Mwito wa Uhuru" ya mwaka 1961 na "Mashairi ya Saadani" ya mwaka 1972, ni za mtu aliyezoea jukwaa na watu.

Tazama shairi lake "Siafu Nimekasiri", ambalo wengi hulisoma kama fumbo la wanyonge dhidi ya utawala wa kikoloni. Jina lenyewe linatosha kufundisha. Anayesema ni siafu, tena kwa nafsi ya kwanza, na bila shaka Kandoro hakuwa siafu. Ila mtu wa bara anamjua siafu: mmoja unamkanyaga bila habari, wakija kundi hata mnyama mkubwa anahama. Mwanasiasa aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni alihitaji picha ambayo msikilizaji wa mkutanoni angeielewa mara moja, bila mtawala kutajwa. Kwangu mimi, hapo tajiriba mbili zimekutana, ya mazingira iliyompa mdudu na ya siasa iliyomfundisha kufumba.

Shaaban Robert naye alifumba, kwa sababu za maisha yake. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, na tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza idara ya forodha na baadaye idara nyingine. Mtu anayelipwa mshahara na dola hawezi kuishutumu waziwazi akabaki na meza yake. Sishangai basi kwamba alipotaka kusema juu ya haki na udhalimu alijenga nchi ya angani, Kusadikika, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Lakini mkewe Amina alipofariki hakuona haja ya fumbo la namna hiyo. Alimwandikia shairi la maombolezo kwa jina lake, akimfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Maisha yaleyale ya mtu mmoja yalimpa njia mbili za kusema, ya kujificha na ya kujifunua.

Wapo ambao maisha yaliwabana mpaka kalamu ikapata kazi isiyokwepeka. Mwana Kupona, mshairi wa kike wa kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake maneno ya kumlea ikiwa mama hatakuwapo. Ukijua hilo, nasaha zake juu ya dini, ndoa na heshima zinasikika kama wosia. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na gerezani akaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kama "Sauti ya Dhiki". Jambo linalonigusa humo si kuta za gereza. Ni shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ndugu wawili wakigombea mnazi. Yuko kizuizini, na anapotaka kusema juu ya nani ana haki katika nchi, kinachomjia ni mti wa kwao Mombasa. Gereza lilimpa sababu ya kuandika. Picha ilikuwa imetangulia tangu utotoni.

Sasa niweke breki, maana dhana hii ikivutwa sana hukatika. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Wote wawili ni watu wa bara, na wote Kiswahili kilikuja juu ya lugha ya nyumbani. Kwa hesabu ya harakaharaka wangeandika kwa namna moja. Haikuwa hivyo. Mnyampala alivishika vina na mizani kwa bidii na akaziendeleza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano; Kezilahabi alitoa "Kichomi" mwaka 1974 akaviacha, akaandika mashairi huru na kuzua mjadala mkali miongoni mwa washairi. Unaweza kusema zama zao na elimu yao vilitofautiana, na ni kweli, Kezilahabi alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini wengine waliopita chuoni hawakuvunja kitu. Kuna mahali maisha yanaishia na uamuzi wa mtunzi unaanza, na mhakiki mwaminifu hakwepi kupasema.

Kwa wanafunzi wanaoulizwa jinsi tajiriba ya mtunzi ilivyoijenga kazi yake, nawasihi muanze na shairi, kisha muende kwa mtunzi. Soma kwanza, weka alama kwenye neno au picha isiyo ya kawaida, iliyokufanya ujiulize imetoka wapi. Baada ya hapo ndipo uulize maisha ya mtunzi yanaeleza nini juu ya picha hiyo. Ukianza na wasifu utaona kila kitu kinathibitisha ulichokwishakijua. Usiandike "Kandoro alizaliwa Ujiji na alikuwa TANU, kwa hiyo mashairi yake ni ya uhuru". Sentensi hiyo mtu anaweza kuiandika bila kufungua diwani. Mtaje siafu, onyesha anasema nini na kwa nani, eleza kwa nini mdudu huyo na si simba, halafu ulete mikutano ya miaka ya hamsini kama ushahidi. Na kama mtunzi yu hai, kama walivyo wengi wanaotunga leo Ujiji, Kasulu au Urambo, basi nenda ukamsikilize. Muulize picha ile aliiona wapi kwa macho yake, mara ya kwanza.